Fomu ya Jumamosi

Habari hii nilipewa na Nyasuguta mwenyewe, mwaka wa 1974, tulipolazwa wodi moja hospitali ya Homa Bay, kila mmoja na mtoto wake mwenye surua. Tulikaa pale siku tisa. Mtu akikaa siku tisa kando ya kitanda cha mtoto anasema mengi, na mimi sina haraka ya kumkatiza mwenzangu. Nimeandika kama alivyoniambia, isipokuwa mahali niliposahau.

Nyasuguta ni binti wa marehemu Omwenga, Mkisii wa Migori. Mwaka wa 1968 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akisomea uendeshaji wa biashara katika chuo kidogo pale Homa Bay. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, na wanawake walikuwa wawili tu: yeye na Phelesia, Mjaluo wa Sori, Mkatoliki, msichana wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Phelesia alikuwa na wadogo zake watatu waliokuwa wakimngojea amalize apate kazi, maana wazazi hawakuwepo.

Wanafunzi wengi pale walitaka ofisi, na mtu wa kuwaletea chai saa nne. Nyasuguta yeye alitaka duka la vitambaa. Wala haikuwa ndoto tu. Chumba kilikuwepo Migori, kimeangalia barabara, mali ya Mzee Ondieki aliyekuwa rafiki wa baba yake. Mzee alimwambia, "Binti yangu, nakuwekea mpaka Desemba. Uje na cheti mkononi, unajua kuagiza mali Kisumu bila kudanganywa, nikupe funguo. Desemba ikipita, kuna wengine wanaokitaka." Mama yake, Bosibori, alikuwa ameshatia cherehani mafuta.

Mwezi wa sita wakaambiwa kuna mgeni kutoka Nairobi, mtu wa masomo makubwa. Alitaka kujua wanafunzi wa biashara wanayaonaje masomo yao, wanahitaji kufundishwa nini zaidi, na wananuia kufanya kazi gani. Alitazamiwa Ijumaa. Mvua ikamlaza njiani, gari likazama kwenye matope, akafika Jumamosi saa nne asubuhi na udongo mpaka magotini. Akasema ni lazima aondoke saa sita.

Sasa, Nyasuguta ni Msabato. Jumamosi hashiki kalamu, hapiki, hazungumzi habari za soko. Alikuwa amekaa nje kwenye nyasi, chini ya dirisha la darasa, na gauni lake la kanisani na Biblia.

Ndani, mgeni akagawa fomu. "Huu si mtihani," akasema. "Hakuna jibu la kosa. Andikeni yaliyo moyoni." Kisha akatoka kwenda kunawa miguu.

Wakaangaliana. Fanuel, aliyekuwa wa kwanza katika kila jaribio, akasimama. "Karatasi ya serikali isiyo na jibu la kosa! Mmeiona wapi? Hapa tunapimwa nani anajitolea. Andikeni mnataka kuwa makarani wa ushirika. Andikeni mko tayari kwenda hata kisiwani. Andikeni Remba."

"Na wakinipeleka?" mmoja akauliza.

"Nani atampeleka msomi Remba akakae na dagaa wao wa omena? Wanataka kuona moyo tu. Wewe andika Nairobi, utaona utakavyoachwa."

Basi wote wakaandika Remba. Hata waliotaka maduka, hata yule aliyekuwa akiogopa maji ya bafuni. Sijui mgeni yule aliwaza nini njiani. Labda kwamba kuna raha kule Remba ambayo Nairobi hawajaisikia.

Phelesia akatoa kichwa dirishani. "Dada! Huku wanauliza unataka kazi gani."

"Leo ni Sabato, Phelesia. Niulize jua likitua."

"Jua likitua huyu atakuwa Kisumu! Asiye na fomu hatahesabiwa darasani."

Nyasuguta akainamia Biblia yake. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana. Aliniambia hapo ndipo pamekuwa pakimuuma miaka yote, kwamba aliisikia kalamu ikikwaruza juu ya kichwa chake naye akaendelea kusoma zaburi.

Phelesia alimwandikia vizuri kuliko alivyojiandikia yeye. Alitaka rafiki yake asifiwe. Aliongeza kwamba hana mume, hana mtoto, haogopi ziwa, na kwamba tangu utoto ametamani kuwatumikia wavuvi. Chini pale penye maneno "nakubali kutumikia miaka miwili mahali nitakapopangiwa" akatia sahihi: Nyasuguta Omwenga.

Mwezi wa nane masomo yakabadilishwa. Darasa la wenye maduka halikupata hata mtu mmoja katika zile fomu, likafutwa. Hakuna tena kuagiza mali, hakuna bei ya jumla. Ikawa ni ushirika asubuhi mpaka jioni. Na mwezi wa kumi barua zikatoka. Phelesia alipangiwa ofisi ya chama cha ushirika hapo hapo Homa Bay. Fanuel akapelekwa Kisii. Remba walitaka mtu mmoja tu, na huyo alikuwa Nyasuguta.

Akaenda kwa mkuu wa chuo, Bwana Werema, Mkuria mpole mwenye miwani. "Mwalimu, mimi nilikuja kusomea duka."

Werema akafungua faili, akatoa fomu. "Lakini si haya ndiyo uliyoandika? Niliwasomea wenzangu, tukasema huyu binti ana moyo." Kisha akatazama tarehe, akavua miwani. "Hii ilikuwa Jumamosi. Wewe Jumamosi huwa unaandika?"

Siku ya kwanza ya chuo walisomewa sheria: anayemwandikia mwenzake na anayeandikiwa, wote wawili wanarudi kwao. Nyasuguta alisimama pale, mikono nyuma. Akisema ukweli, Phelesia anapoteza kazi siku hiyo hiyo na yeye anakosa cheti. Akisema uongo, amejitangaza kuwa amevunja Sabato.

"Niliandika, Mwalimu."

Werema akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Vizuri sana. Nilikuwa na wasiwasi na hiyo Sabato yenu. Remba hawana Jumamosi. Nitawaandikia, wasije wakakusumbua. Cheti chako utapewa ukimaliza ile miaka miwili."

Chumbani Phelesia akaanza kulia. "Nakwenda kusema. Nakwenda sasa hivi."

"Ukisema tunafukuzwa wote. Mimi sipati cheti, na wale wadogo zako watakula nini? Kaa chini."

"Dada yangu, nyamera, mimi nilitaka tu—"

"Najua ulitaka nini. Kaa chini, Phelesia."

Desemba ikapita. Mzee Ondieki akakipangisha chumba kwa muuza baiskeli. Mama yake akaandika barua fupi: "Habari zimefika kanisani kutoka chuoni kwenu kwamba unaandika siku ya Bwana. Sikukulea hivyo." Nyasuguta akaanza kumjibu mara tatu, kila mara akafika pale penye jina la Phelesia akachana.

Alivuka kutoka Sori siku ya Jumatano, mwezi wa kwanza. Remba ni mwamba ulioezekwa mabati. Unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Vibanda vimebanana hata kikohozi cha jirani kinakuamsha. Akapewa kona katika kibanda cha mama mmoja mjane, Awino, mkausha omena. Kazi yake ilikuwa kufungua stoo ya chama na kuandika jina la mwenyewe kwenye kila gunia, ndipo mashua ya Sori ilichukue.

Jumamosi ya kwanza hakutoka. Alfajiri mitumbwi ikarudi na taa zake, omena wamejaa. Magunia ya jana yakapangwa mlangoni. Mwenyekiti wa chama, Nicanor, akaja kugonga bati.

"Karani! Nyar Kisii! Binti wa Kisii, mashua inangoja!"

"Mwenyekiti, leo ni Sabato. Nitaandika jua likitua."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Na omena tuwaambie wasioze mpaka jua litue?"

Nicanor hakucheka. Akatoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie: "Ijapokuwa ni Msabato, karani huyu yuko tayari kufanya kazi Jumamosi. Ameshafanya hivyo hapa chuoni." Akaikunja. "Huyu mwalimu wako ni mwongo? Sema tu. Tutamwandikia leo, atuletee mwingine."

Nyasuguta alisimama mlangoni kwa Awino. Mbele yake watu, nyuma yao maji. Mashua ya Sori ilikuwa imeshashusha tanga. Kulikuwa na neno moja la kusema, nalo lingefika Homa Bay kabla ya Jumatatu.

"Si mwongo," akasema. "Leteni kalamu."

Aliandika magunia arobaini na moja. Alisema herufi zake zilikuwa nzuri siku ile, na hilo ndilo lililomkasirisha. Saa tano mashua ikaondoka.

Watu wa omena wanavua usiku, kwa hiyo kisiwa kinalala mchana. Jua lilipofika utosini wanaume walikuwa wamelala chini ya nyavu zao, Nicanor amelala na kofia usoni. Awino alimaliza kugeuza omena juu ya mwamba, akaingia, akajinyoosha mkekani.

"Mwanangu, nyathina. Kwenu leo si mnasali?"

"Tunasali."

"Basi sali. Hakuna anayekuita sasa."

"Nitaanzia wapi, mama?"

Awino alikuwa ameshaanza kukoroma. Nyasuguta akaketi, mgongo kwenye bati la moto. Akaanza wimbo wa kwao kwa sauti ndogo, akafika ubeti wa pili, ukampotea. Akaurudia tangu mwanzo, ukampotea pale pale. Vidole vyake vilinuka omena na wino. Akajilaza kando ya Awino, akageukia ukutani, na baada ya muda mrefu naye akalala.