Wanawake Sita Barazani

Jumatatu moja asubuhi Walburga alikuwa anachambua maharage barazani pale Bombambili, Songea, nyumbani kwa mdogo wake, Osmund, wanawake sita walipoingia getini kwa mstari na kuketi kwenye benchi. Wote walikuwa wajawazito wa kujifungua siku yoyote. Kila mmoja alipakata beseni lenye kanga, mpira wa kutandika, nyuzi na wembe mpya, kama manesi wanavyoagiza. Wa mwisho alikuwa Adela, bintiye Walburga, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Alimwamkia mama yake. Walburga akaitikia marahaba, akaendelea kuchambua, maana jua lilikuwa linapanda na maharage bado hayajabandikwa.

Saa hiyohiyo Osmund alikuwa mahakamani anasomewa mashtaka. Huyu alisomeshwa na mapadre wa Hanga kwa jasho la tumbaku ya baba yao, akawa mhasibu, akawa mbunge, akawa waziri wa fedha. Enzi zake alikuwa akikohoa Dodoma, Songea wanasema pole. Mashtaka yalikuwa mengi, ila moja lilihusu wodi ya wazazi katika kijiji kimoja nyuma ya Lusewa. Fedha zilitoka wizarani, kampuni ya shemeji yake ikazipokea, na kwenye karatasi wodi ilikwisha mpaka rangi. Kijijini kuna jiwe la msingi tu, mbuzi wanalilalia. Adela alishikwa uchungu hapo kijijini, akapakiwa kwenye bodaboda kukimbizwa Namtumbo, na hakufika. Wale wengine watano nao walifia njia hiyohiyo.

Osmund alirudi kwa dhamana, akawakuta wale wanawake. Adela akasema shikamoo mjomba.

“Marahaba. Suala lenu tunalifanyia kazi,” Osmund akajibu, kwa mazoea, akaingia ndani kula.

Hawakuondoka. Mvua ikinyesha walikuwepo, jua likiwaka walikuwepo, na baraza likaanza kunuka dawa ya kudekia hospitali. Majirani waliwaletea uji. Walishika vikombe mpaka uji ukapoa kabisa, kisha wakavirudisha vimejaa. Watu wa jumuiya ya kanisa walipokuja kusali Alhamisi walilalamika kidogo tu, kwamba benchi limechukuliwa, wakasali wamesimama. Abasi, wakili wa Osmund, alikuwa akiwaruka miguu kila akija, akiwaomba radhi.

Walburga yeye alikuwa hali wala halali. Ile karatasi iliyosema wodi imekamilika ilikuwa na sahihi yake. Wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati pale kijijini, na Osmund alimletea mwenyewe, siku ya Pasaka, pamoja na sukari na vitenge. Kwao karatasi inayoletwa na ndugu wa tumbo moja haisomwi. Ukiisoma umemwita mwizi mbele ya watoto. Aliisaini juu ya goti, mwiko wa ugali mkono wa pili. Miezi minne baadaye alimzika Adela.

Sasa upande wa mashtaka ulimwita akaeleze alichosaini na alichokiona.

“Mama, nesi wa kule tunakokwenda kasema hatuwezi kupokelewa mpaka mtu aseme wodi iko wapi,” Adela alimwambia. “Wewe ukisema, tutaitwa.”

Walburga alitaka kusema. Jamani, alitaka kwa moyo wote. Lakini baba mdogo Yohanes aliita kikao cha ukoo, akakumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji, na wazee wakaguna kukubali. Osmund hakugombana na mtu. Alimfuata dada yake jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga, akamuuliza kwa upole kama anajua Hilda ataendelea kusoma wapi yeye akifungwa. Hilda ni mtoto pekee aliyeachwa na Adela, yuko kidato cha pili kwa masista, na anayemlipia ada ni Osmund.

Siku ya ushahidi wale sita walifuata hadi mahakamani, wakasimama nje ya dirisha na mabeseni yao. Askari aliwaambia wasizuie hewa. Walburga alipoulizwa kama aliwahi kuiona hiyo wodi kwa macho yake, alimtazama Adela, akaona amejishika kiuno kama mtu ambaye uchungu umemshika tena. Aibu ilimwingia, akamgeukia hakimu.

“Mheshimiwa hakimu, mimi nimezeeka,” akasema. “Sikumbuki.”

Hakimu akaandika. Baada ya wiki tatu kesi ilifutwa kwa kukosa ushahidi, na Osmund akarudi Bombambili na msururu wa magari yakipiga honi. Ng'ombe akachinjwa. Wengine walishaanza kumwita mheshimiwa mbunge mtarajiwa. Viti havikutosha, wageni wakawaomba wale wanawake wasogee, nao wakasogea, wakabanana watu sita mahali pa watatu.

Walburga akatoka jikoni, jasho linamtoka, akapiga magoti mbele ya binti yake.

“Tumeitwa, mama?” Adela akauliza.

“Bado, mwanangu. Nipe beseni nikushikie, umechoka.”

Adela akampa. Lilikuwa zito, na la baridi sana. Ndani walikuwa wanamwita akapakue pilau.