Dalali Asiyeitikia Marahaba

Kilichoniudhi kwanza ni neno lenyewe. Nilikuwa nimetoka Newala kwa lori la makopa ya muhogo, nimefika Masasi na vumbi hadi kwenye kope, na chai aliyonipa Loyce sijaimaliza, akasema:

"Tatizo liko hapa katikati, Baba Oliva. Liko kwa dalali."

"Dalali gani?"

"Dalali wa ujumbe. Ndivyo tunavyoiita hiyo programu."

Niliweka kikombe chini. Jumuiya yetu ya watumia maji ilinituma nikaone kwa macho yangu kama mtambo wa taarifa utafanya kazi kabla ya mkutano wa Jumamosi. Haikunituma kwenda kupokea dalali mwingine.

"Loyce, mwanangu," nikasema, "wewe ulikuwa mtoto hapa Masasi soko la korosho lilipoachiwa huria. Mimi nilikuwa mtu mzima. Walikuja watu na mizani inayolala upande mmoja, wakasema wao ni daraja tu kati ya mkulima na mnunuzi. Kila korosho iliyopita kwenye daraja hilo ilipungua. Halafu kiwanda kikauzwa, mashine zikafunikwa maturubai, ufunguo ukapelekwa Dar es Salaam. Sasa unaniambia hata taarifa ya maji ina dalali?"

Loyce hakukasirika. Baba yake alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, akabaki, na binti amekulia hapa. Anajua kusubiri mtu amalize. Anafundisha kompyuta katika kituo kimoja kidogo nyuma ya soko, na mpango wetu aliuandika bila kudai hata nauli.

"Huyu hapunguzi kitu," akasema. "Anapokea na kutunza tu. Gervas akiwasha pampu kule bondeni, anatuma ujumbe kwa simu. Ujumbe unafika kwa dalali, unakaa kwenye foleni. Programu yangu inatakiwa ije iuchukue, ipige hesabu maji yataanzia kioski gani, halafu iwatumie watu taarifa. Gervas anatuma, dalali anapokea. Mimi ndiye nashindwa kuchukua."

"Kwa nini?"

"Kila nikigonga, anafunga."

Hilo nililielewa vizuri kuliko yote. Tangu kiangazi kianze hakuna hata mtu mmoja Newala aliyepata taarifa. Maji yanapanda usiku au mchana, anayejua ni aliye karibu na bomba. Walio mbali wanafika na ndoo tenki limekauka, na anayekaa kwenye kioski cha mtaa wetu ni mke wangu, Veridiana. Wameshamwambia usoni kwamba anaficha maji na kuwauzia wenye maboza, yale magari ya matenki. Mwenye boza kubwa, Nickson, alikuwa ameleta ombi akabidhiwe kioski akiendeshe yeye, na ombi hilo ndilo lililokuwa la kupigiwa kura Jumamosi. Akikipata, tutanunua maji yetu wenyewe kwa bei aipendayo yeye, na Mama Oliva ataondoka pale na jina la mwizi.

"Nisomee," nikamwambia Loyce. "Nisomee hiyo programu yako neno kwa neno. Nataka nijue anafunga kwa sababu gani."

"Utachoka."

"Nimesoma Sheria ya Vyama vya Ushirika kwa mwanga wa koroboi. Soma."

Akacheka, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Lugha aliyoitumia, alinieleza, si kama zile nyingine ambazo unaiamuru mashine fanya hiki, sasa fanya kile. Ya kwake ni kama kanuni za hesabu: unaipa kitu, inakurudishia kitu, na ulichoipa kinabaki kama kilivyokuwa. Haina tabia ya kukumbuka ya jana. Unachotaka kikumbukwe, unakibeba mwenyewe mkononi hadi hatua inayofuata.

"Kama wabunge, ya jana hawayakumbuki," nikasema.

"Ila hii naipenda. Haiwezi kubadilisha neno nyuma ya mgongo wako."

Majina ya hatua zake alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili, ili wanafunzi wake wayafuate. Akaanza kusoma kwa kidole. "Hapa inafungua mlango. Hapa inatoa shikamoo. Hapa inasubiri marahaba. Ikipata marahaba, inaendelea. Ikipata kitu kingine chochote, inarudi."

"Inarudi bila kusikiliza?"

"Mtu asipoitikia salamu yako una nini tena cha kusikiliza?"

"Wewe una bahati," nikasema. "Mimi kijana wa ofisi ya maji namwambia hujambo, ananijibu 'sema mzee'. Mwingine 'poa'. Wala haniamkii. Ningekuwa narudi kila nisipopata jibu la adabu, hata hilo bomba lisingefika Newala. Namsikiliza hivyohivyo, natukana nikifika nyumbani."

Nilikuwa nalalamika tu. Lakini Loyce alikuwa ameacha kusoma. Kidole kilibaki palepale kwenye kioo.

"Kitu kingine chochote," akarudia polepole. "Mimi nimeiambia itupe kitu kingine chochote."

"Umefanya nini?"

"Nimeifundisha adabu mno."

Akaandika mstari mmoja wa kuonyesha jibu lolote litakalokuja, liwe la heshima lisiwe la heshima. Akagonga tena kwa dalali. Mlango ukafungwa kama siku zote, ila safari hii juu ya kioo yalibaki maneno mafupi: herufi chache na tarakimu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ametaja lugha yake na toleo lake." Loyce alikuwa anatabasamu kwa uchovu. "Hakunifukuza. Wiki zote hizi alikuwa ananijibu, 'Mimi naongea kile cha zamani,' ndipo anafunga. Mimi namwamkia kwa kipya."

"Kama kumpigia hodi Mmakua kwa Kiyao."

"Akujibu kwa Kimakua, na wewe ushaondoka umenuna."

Nilidhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha. Maktaba ya lugha yake, yaani vipande ambavyo wengine walishaandika na yeye akavitumia, ilijua salamu mpya peke yake. Akapiga simu kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyomweka dalali yule, akaweka sauti nje nisikie. Kijana wa huko alikuwa mpole sana. Akasema dalali hawezi kubadilishwa kwa sababu kuna wateja wengine juu yake, ila wao wanacho kiunganishi kizuri, kinakaa katikati ya programu yetu na dalali, kinatafsiri huku na huku. Cha kukodi, kila mwezi.

Loyce alinitazama. Mimi nilitazama dari.

"Dalali wa dalali," nikasema, na kijana akasema samahani mzee, hajasikia vizuri.

"Tutakujulisha, kaka," Loyce akamwambia, akakata.

"Usimjulishe," nikasema. "Ndivyo walivyotuanza. Kwanza alikuja mmoja, tukamzoea. Halafu yule akawa hafiki kijijini, anamtuma wake. Na yule wa wake akawa na wake huko Tandahimba. Mwisho korosho inapita mikono hadi haijui imetoka shamba gani."

"Sijasema nitakodi, Baba Oliva. Kunywa chai yako."

Siku hiyo na iliyofuata nilikaa Masasi, nikilala kwa shemeji yangu karibu na stendi, mchana nakuja kumkalia Loyce kitako. Alichukua maelezo ya ile lugha ya zamani, akaanza kuifundisha programu yake mwenyewe, salamu kwa salamu, bila mtu wa katikati. Ilikuwa kazi ya kuudhi, kwa sababu dalali yule ni mtu wa mazungumzo marefu. Anasema, unajibu, anakuuliza tena ulichosema mwanzo. Na lugha ya Loyce haina pa kuweka cha mwanzo. Kila jibu ilibidi alifungashe pamoja na yaliyopita, alipeleke mbele, alifungashe tena. Nilimwona akiandika, akifuta, akienda kufundisha darasa lake, akirudi. Hakuwa na haraka. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, na yeye alikuwa ananipa machungwa ili ninyamaze.

Ijumaa asubuhi dalali akaitikia. Kioo kilionyesha kitu kidogo tu, mstari mmoja, na Loyce akaupa jina la marahaba.

"Usifurahi bado," akasema. "Foleni imejaa."

Sikuelewa. Akanionyesha. Ujumbe wote ambao Gervas aliutuma tangu kiangazi kianze ulikuwa bado umekaa mle, unasubiri kuchukuliwa. Dalali huyu hafuti kitu mpaka umwambie umepokea. Tukiachia tu, simu zote za Newala zitalia kwamba maji yamepanda, maji ya mwezi uliopita.

"Itabidi niupokee wote bila kuutuma," akasema. "Niutupe."

"Ngoja niusome kwanza."

Nikausoma. Gervas haandiki vizuri, ila anaandika kila mara. *Pampu imewaka sasa ivi. Mafuta yamekuja nawasha. Nimewasha tokea asbui waambieni.* Nilifika kwenye ule wa siku ya Maulidi. Siku ile Mama Oliva alirudi nyumbani kanga imechanika begani, wanawake wawili walimvuta wakisema amefungulia maji jamaa zake. Alikaa akaishona. Na Gervas alikuwa ametuma mapema kabisa, ameandika *watu wawai*. Neno lilikaa hapa, limetunzwa vizuri, halikupungua hata herufi.

"Niutupe, Baba Oliva?"

Nikasema, "Tupa. Nimeshaushika."

Jioni nikapata gari la kurudi. Loyce alisema atakuja mwenyewe asubuhi kuwaonyesha wajumbe, baada ya agenda ya kioski au kabla, kadiri mwenyekiti atakavyoona.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti wetu, Shamte, ni mtu anayeheshimu karatasi: agenda ilikuwa imeshaandikwa, na maonyesho ya Loyce hayakuwamo, kwa hiyo yakawekwa kwenye mengineyo. Nilisimama kupinga, akanikalisha.

"Baba Oliva, wewe kila mkutano unatuanzia mwaka wa soko huria. Leo tuanze na leo."

Watu wakacheka. Mama Oliva alikuwa amekaa dirishani, hakucheka, hakunitazama.

Nickson akapewa nafasi. Sitamsingizia, aliongea vizuri. Alimwamkia kila mzee kwa jina la mtoto wake. Akasema yeye hana ubaya na mama aliyepo, shikamoo mama, ila kioski ni biashara, na biashara inataka mtu mwenye uwezo wa kusema kesho kuna maji na kesho yakawepo. "Niambieni ukweli wazee wangu," akasema, "ni nani humu ndani anayejua maji yatatoka lini?"

Shamte akasema basi, kama hakuna swali, tuhesabu wajumbe kisha tupige kura. Loyce alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango na mkoba wake wa kompyuta, hata kuufungua hajafungua.

Simu ya kwanza iliyolia ilikuwa ya Filemoni fundi baiskeli. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wasio na miwani. Ya jirani yake ikatetemeka juu ya dawati. Halafu zikafuatana darasa zima, katika mapaja, ndani ya vikapu, kwenye pindo za kanga. Yangu pia. *Pampu imewaka. Maji yataanzia kioski cha Mama Oliva, mchana huu.*

Nilimtazama Loyce. Akatikisa kichwa: hakupanga. Gervas alipata mafuta, akawasha, akatuma, na programu aliyoiacha ikiwaka kituoni Masasi imechukua.

Filemoni aliinuka kwanza, kwa adabu, kama anaenda kujisaidia. Wakafuata wanawake wawili wa mtaa wa juu. Kisha madawati yakaanza kusukumwa.

"Wajumbe," Shamte akasema, "tuko kwenye kura."

"Tunarudi, mwenyekiti," mmoja akamjibu akiwa mlangoni. "Tunatega ndoo tu."

Mama Oliva alipita mbele yangu akifunga kanga kiunoni, ufunguo wa kioski mkononi. Alipofika kwa Loyce alisimama, akamshika bega kidogo, akatoka. Nje nilisikia ndoo zikigongana, na mtu akimwita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama zamani, amngoje watembee pamoja.

Shamte alihesabu waliobaki. Tulikuwa mimi, yeye, katibu, Nickson, na mzee mmoja asiyekuwa na simu. Akafungua katiba ya jumuiya, akaisoma, akaifunga.

"Akidi haipo," akasema. "Katibu, andika kura haikupigwa. Kioski kinabaki kilivyo."

"Mpaka lini?" Nickson akauliza.

"Mpaka mkutano mwingine."

"Na huo utaitwa lini?"

Shamte alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nyumbani kwangu hawajui kusoma ujumbe. Ngoja nikawaambie watoe ndoo."