Moto wa Nyumba ya Kimemi

"Mama Kaswera, jibu tu. Ulikuwa unalala mu ile nyumba?"

Karani Ésaïe wa bureau, ofisi ya kodi ya nyumba, aliuliza bila kuinua macho, kalamu ikingoja juu ya karatasi. Nje, ukungu wa Butembo ulikuwa bado umejilaza kwenye mikaratusi ingawa saa nne ilikaribia. Kaswera alificha viganja ndani ya kitenge. Aliuza makala, makaa ya kupikia, sokoni, na sabuni ilikwisha kata tamaa na mikono yake.

"Nilikuwa nawasha moto mule kila asubuhi."

"Moto si kulala, mama. Ulinunua dola mia nane, mwezi wa kumi mwaka jana. Leo unauza elfu moja na mia mbili. Faida ni mia nne, na mwaka haujaisha, donc bureau inakamata nusu. Lakini mwenye alilala mule, halipi kitu. Lete karatasi ya chef d'avenue, ni yote."

Faida! Jamani. Bei za nyumba zilipanda kwa sababu vita vilikuwa vinamwaga watu wa vijijini mjini, na kila mtu alitaka paa. Siméon, aliyetaka kuinunua, alikuwa amekimbia Lubero na mke na magodoro mawili. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyomnyima Kaswera mume wake. Faida gani hiyo?

Walinunua pamoja, yeye na Mathe. Wiki mbili baadaye Mathe akapanda lori kwenda Alimbongo kutafuta maharage. "Usilale mule bila miye," alisema akicheka. "Tutaingia siku moja, wewe na mimi na batoto." Lori lilirudi. Dereva akasema askari waliwasimamisha njiani, watu wakakimbilia porini, na Mathe hakuonekana tena. Basi, miezi tisa.

Watoto watatu aliwapeleka Beni kwa dada yake Adèle, mwenyewe akajibanza kwa rafiki wa sokoni. Lakini kila asubuhi alifungua nyumba ile ya mtaa wa Kimemi, akafagia, akawasha mbabula, jiko la bati, kwa makala yake ili kuta za udongo zisishike unyevu, kisha akafunga na kuondoka. Kulala mule peke yake kungekuwa kusema Mathe amekufa. Heri aiuze, anunue kinyumba Beu, mtaa wa kule Beni, karibu na Adèle, akusanye watoto wake. Mwenye kinyumba alitaka elfu moja na mia moja na hakutaka kusikia habari ya kupunguza. Bureau ikikamata mia mbili, watoto wangeendelea kulala kwa watu.

Maliro, chef d'avenue, mkuu wa mtaa ule, alikuwa uani kwake akitengeneza gurudumu la chukudu, kigari cha mbao cha kubebea mizigo.

"Moshi tulikuwa tunaona," alisema. "Mais na wewe tulikuwa tunaona unatoka. Mimi siwezi kusaini uongo, mama yangu."

"Papa Maliro, ni kwa ajili ya batoto!"

Mzee akaweka nyundo chini.

"Basi enda ulale. Hata sasa, hata mchana. Nitaandika kama ulilala mule. Siku ngapi, hiyo hawajaniuliza."

Mvua ya mchana ilianza Kaswera alipokuwa akipuliza moto. Akatandika mkeka, akajilaza ukingoni, upande wa ukutani akauacha wazi. Mabati yaliimba polepole. Joto la mbabula likampanda miguuni, likafika magotini, akazama usingizini.

Mathe aliingia bila kubisha, amelowa, gunia begani. Hakushangaa kumkuta. Alichutama karibu na moto, akanyoosha mikono, akatazama pembe zote za chumba kama mtu anayetafuta kiatu.

"Batoto bako wapi?"

"Kwa Adèle," alijibu, ulimi mzito.

"Na nyumba iko na moto hivi?"

Hakuwa na hasira. Alistaajabu tu. Kaswera alitaka kumuuliza, na wewe, na wewe uko wapi, lakini kinywa hakikufunguka.

Alipoamka alilia. Alilia kweli, kwa sauti, mara ya kwanza tangu lori lirudi. Alihisi uchungu, na chini ya uchungu kitu chepesi ambacho hakukijua jina. Mvua ilikuwa imekatika. Maliro alisimama mlangoni na karatasi yenye mhuri.

"Umelala?"

"Nimelala, papa."

"Ndiyo hii. Siméon anakungojea pale kwa barabara."

Kaswera aliisoma mara mbili, akaiweka dirishani, akaikandamiza kwa kipande cha makala.

"Gari la Beni linaondoka saa ngapi?"

"La mwisho, saa kumi. Mais Siméon nimwambie nini?"

"Anisamehe, papa. Mwambie anisamehe sana." Alichota makala kwenye gunia, akapima kwa jicho, akayajaza kwenye ndoo karibu na mbabula. "Ufunguo huu umpe mama wa nyumbani kwako. Aniwashie moto kesho asubuhi. Batoto batafika na baridi."

Alifunika kaa la moto kwa majivu, akajitanda kitenge, akatoka. Mkeka aliuacha umetandikwa. Ukingo mmoja ulikuwa umebonyea. Ule wa ukutani ulikuwa bado umenyooka, mkavu, na moto ulikuwa ukiupasha.