Sauti Zisizokaa

Mwalimu Uledi alifundisha fizikia Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya ziwa. Mke wake, Sharifa, alishona nguo barazani kwao, katika mtaa wa Waswahili. Walioana mwaka wa Uhuru, wakapata binti, Bora. Wakati wenzake wananunua redio wasikie muziki wa Kongo, Uledi alinunua yake asikie mbingu.

Nyuma ya nyumba alifunga nyaya mbili ndefu kati ya michikichi, akaziunganisha na redio. Kila baada ya swala ya alfajiri alikaa hapo, sikio kwenye spika. Mara kwa mara alizihamisha nyaya kidogo, apate kusikiliza kipande kingine cha mbingu.

"Unatafuta nini?" Sharifa alimuuliza zamani.

"Sauti zisizokaa. Huko juu kuna vitu vinapiga kelele leo, kesho vimenyamaza. Usipokuwa macho siku hiyo, vimekupita."

Asubuhi moja ya Machi 1972, sayari ya Mshtarii ikiwa juu, sauti yake ilianza kuvuma kwenye spika kama mawimbi yanayopanda mchangani na kurudi. Sabine, mwalimu mwenzake wa hesabu, alikuwa anapita kwenda misa. Wakamwita. Walisimama watatu kimya mpaka sauti ikapotea. Uledi alitokwa na machozi wala hakuyafuta.

Mwishoni mwa Aprili, waasi wa Kihutu wenye mapanga waliivamia miji ya ziwani, wakaua Watutsi wengi. Kaka yake Sabine aliuawa kijijini Gatete pamoja na mkewe. Kisha askari wa serikali wakaja, na sasa wakawa wanachukuliwa Wahutu: walimu, wanafunzi, wachuuzi, yeyote aliyenyooshewa kidole. Malori yaliondoka yamejaa watu, yakarudi matupu. Baba yake Uledi alikuwa Mhutu aliyesilimu, na mtaa mzima ulijua.

"Baba Bora, shusha hizo nyaya," Sharifa alisema. "Watu wanaziangalia."

"Nikizishusha leo watasema ninaficha kitu. Ziko pale miaka, kila mutu anazijua."

"Basi wakiuliza, sema unasikiliza muziki."

Uledi alirudi kwenye redio yake.

Askari walifika mchana. Ofisa wao alinyoosha fimbo juu ya michikichi.

"Hii waya ni ya kuongea na nani?"

"Haiongei, afande. Inasikiliza tu."

"Inasikiliza nani?"

Uledi alimtazama mkewe, akamtazama binti yao Bora aliyeshika nguo ya mama yake. "Nyota," akasema.

Askari mmoja alicheka. Ofisa hakucheka.

Sabine aliingia uani na nguo zake za msiba. Hakuna aliyemwita, alikuwa ameliona lori.

"Kaka yangu ameuawa na hao munaowatafuta," alimwambia ofisa. "Kama huyu angekuwa mwenzao, ningemuleta kwenu mimi mwenyewe. Hiyo redio haiwezi kutuma hata neno. Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Madamu, pole kwa musiba. Rudi nyumbani. Tunamuuliza maswali kidogo tu."

Uledi aliomba avae viatu. Wakamkatalia. Alipanda lori peku, akakaa kati ya watu wawili aliowahi kuwafundisha.

Jioni Sabine alirudi. "Kuna mutumbwi unaondoka Kigwena usiku huu kwenda Ujiji," alisema.

"Akirudi akute nyumba tupu?"

Sabine alitandaza kitenge sakafuni, akaanza kufunga nguo za Bora. Sharifa akapiga magoti, akamsaidia.

Ufukweni Kigwena Sharifa alimshika Sabine mkono. "Twende wote."

"Nina watoto wa kaka yangu. Nao hawana mutu." Akauachia mkono. "Uledi akirudi, nitamwambia muko wapi."

Sharifa na Bora wakavuka ziwa mpaka Ujiji. Huko Sharifa alipata cherehani ya kukodi, na kila boti ya Burundi ilipofika aliacha kushona akashuka ziwani. Wanawake wa jirani walimsihi akae eda. "Nani ameona maiti?" aliwauliza, na mwishowe wakaacha kumsihi.

Miaka ikapita. Siku moja aliyeshuka kwenye boti alikuwa Sabine, amekonda, nywele zimeingia mvi. Sharifa alimpeleka nyumbani, akamtandikia mkeka, akampa chakula kwanza.

"Hakurudi," Sabine alisema alipomaliza kunawa.

"Na wale wa lori lile?"

"Hakurudi hata mumoja. Nimeuliza nyumba kwa nyumba."

"Hata wale wanafunzi wake?"

"Hata wao."

Ijumaa ile msikitini ilisaliwa swala ya maiti asiyekuwepo. Sharifa alivaa nguo za eda, akaingia ndani. Sabine, aliyepanga kurudi na boti iliyofuata, aliiacha ikaenda. Aliketi mlangoni, akawapokea waliokuja kutoa pole, akijibu salamu zao za Kiislamu kadiri alivyoweza. Ndani, Sharifa, ambaye sasa hakuwa na boti ya kungoja, alilala mpaka jua likapanda, na hakuna aliyemwamsha.