Namna ya Kufundisha Kigiriki Bila Kufundisha

"Mwanamke akikaa kitini, hapo hafundishi," Ndugu Traian alisema, akigonga meza kwa kidole. "Mtu aliyekaa anaongea tu. Tatizo ni kusimama."

"Umekosea kabisa, ndugu yangu," Daktari Filimon akamjibu. "Bwana wetu alipanda mlimani, akaketi, ndipo akafundisha. Marabi wote walifundisha wameketi. Kwenye kiti ndiko kwenye mamlaka. Akikaa, tumekwisha."

"Basi asimame!"

"Akisimama, wanaume waliokaa watakuwa chini yake."

"Nao wasimame!"

"Saa tatu nzima?" nikauliza. "Ndugu Gavril ana goti bovu."

Mimi ni katibu wa shule, kazi yangu ni kuandika kumbukumbu, siyo kutetea magoti. Nikaandika: Kukaa, hapana. Kusimama, hapana.

Kisa chenyewe ni kifupi. Shule yetu ya Biblia hapa kijijini Dealu Nucului hufunguliwa kanisani kila Jumamosi, kwa ajili ya wachungaji wa vijijini ambao siku nyingine ni mafundi, madereva na wafuga nyuki. Kigiriki cha Agano Jipya alikuwa akifundisha mzee Zaharia, miaka ishirini na miwili, mpaka Septemba alipohamia Uhispania kwa binti yake. Bila Kigiriki mtu hamalizi shule. Na ukimwondoa Zaharia, bonde zima anayekijua ni binti yangu Damaris, aliyekisomea chuo kikuu mjini Cluj akawapita wote darasani. Miaka miwili ya mwisho, macho ya mzee yalipofifia, Damaris ndiye aliyekuwa akimwandalia masomo na kumsahihishia mitihani. Kila mtu alijua. Haikuwa dhambi, kwa sababu haikuonekana.

Sasa ingeonekana. Katika kanisa letu mwanamke hafundishi wanaume. Anaweza kutoa ushuhuda, anaweza kusoma shairi, anaweza kuongoza kwaya ya watu arobaini, na wanaume kumi na tisa humo wakiutazama mkono wake ili wajue lini wafungue mdomo. Ila kufundisha, hapana.

Wakati huohuo shule moja ya sekondari Cluj ilikuwa imempa kazi, na walitaka jibu siku ileile kabla ya saa sita mchana. Asubuhi, tukinywa kahawa, Damaris aliniambia, "Mama, wakinipa darasa, nabaki. Wakinizungusha, naenda." Mimi nilitaka abaki, sifichi. Kaka zake wawili wako Italia na Ujerumani. Sikumzaa wa tatu ili nimwone kwenye simu.

"Tutofautishe," alisema Daktari Filimon. Yeye ndiye mkuu wa masomo. Tasnifu yake ni juu ya vitambaa vya kichwa vya wanawake wa Korintho, kurasa mia nne na zaidi, na kuna kurasa ambazo juu kuna mstari mmoja tu wa maneno yake na chini yote ni tanbihi. "Kuna kufundisha, kuna kueleza, kuna kushirikisha, na kuna kusoma kwa sauti mbele za watu. Dada Damaris anaweza kusoma kwa sauti."

"Nisome nini?" Damaris akauliza. Alikuwa amekaa kando ya dirisha na koti lake mapajani.

"Somo."

"Nani ameliandika?"

"Wewe. Lakini utalisoma kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine."

"Na wakiuliza swali?"

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hapo pana utata katika vyanzo," alisema.

"Daktari," nikamwambia, "si huyuhuyu aliyekusahihishia Kigiriki cha tasnifu yako, jikoni kwangu, ukila kabichi yangu ya kukunja?"

"Nilimshukuru, Dada Ligia! Yumo kwenye tanbihi."

"Umeandika 'mtu mmoja wa karibu.'"

"Kwa heshima yake."

Saa nne na nusu ilipofika, wanafunzi tisa walikuwa bado uani kwenye baridi ya Novemba, wakitafuna mbegu za alizeti. Mzee Traian akachoka. Ni mzee wa kanisa na mwashi aliyestaafu, hapendi ukuta usiopanda. "Waingie," akasema. "Mimi nitasimama mbele. Yeye akae benchi la nyuma aninong'oneze, mimi niseme. Mwanamume ndiye atakayekuwa amefundisha."

"Ndugu Traian, wewe Kigiriki unakijua?" nikauliza.

"Kwani bomba linajua maji?"

Daktari Filimon akasema hilo linakubalika kwa muda. Basi wakaingia, wakasalimu "Amani! Amani!", wakakaa. Traian akapanda jukwaani na chaki. Damaris, benchi la nyuma, akaanza kusema taratibu, na mzee akawa anarudia kwa sauti ya kuhubiri, mkono mmoja juu. Dakika tano zilikwenda salama. Ya sita akageuka kuandika ubaoni, akaziandika herufi tatu kichwa chini, miguu juu.

Wanafunzi wote tisa wakazinakili hivyohivyo.

"Endelea, binti," mzee akasema.

Damaris hakuendelea.

"Mbona umenyamaza? Nimekosea?"

"Siruhusiwi kumsahihisha mwanamume, Ndugu Traian."

Ndugu Gavril, yule wa goti, mchungaji wa makanisa matatu kule milimani ambaye kutwa huendesha gari la mkate, akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, shuka tu, utavunjika mguu. Mimi nimeamka saa kumi usiku kuja kumsikia yule pale nyuma."

"Gavril! Heshima!"

"Heshima ninayo, Kigiriki sina. Na Prisila mnamweka wapi? Si alimweleza Apolo njia ya Bwana kwa usahihi zaidi? Na Apolo alikuwa msomi, hakuwa dereva wa mkate kama mimi."

Hapo Daktari Filimon akang'aa uso. Swali hili alikuwa nalo kwenye tasnifu. "Ndiyo! Lakini wapi? Soma vizuri! 'Wakamchukua kwao.' Kwao, yaani nyumbani! Si sinagogini, si jukwaani. Nyumbani, faragha. Na mume wake Akila alikuwepo. Nyumbani, mume akiwepo, hakuna mwanazuoni anayepinga. Nimeandika kurasa kumi na moja juu ya hilo."

"Hakuna hata mmoja anayepinga?" nikamuuliza.

"Hata mmoja."

"Na wewe, Ndugu Traian?"

"Nyumbani kwa mtu ni nyumbani kwake," mzee akasema, akijipangusa chaki. "Mimi siingilii."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi. Nikafunga daftari la kumbukumbu. Nikafungua rejista ya shule, nikatafuta ukurasa wa Kigiriki, na kwenye nafasi ya mwalimu, ambayo tangu Septemba ilikuwa tupu, nikaandika kwa wino: Damaris Ilea. Nikaigeuza ili wote wasome.

"Dada Ligia, hilo linahitaji kura," Daktari akasema.

"Linahitaji nyumba. Ninayo. Gavril, shika ubao upande ule. Wengine, viti vyenu mkononi, twendeni."

Damaris alisimama, lakini hakutoka mlangoni. "Nitasimama au nitakaa?"

"Upendavyo."

"Na mitihani?"

"Utatia sahihi yako."

Akawatazama wale tisa. Gavril tayari alikuwa ameinua ubao licha ya goti lake bovu, anatweta. Damaris akatoa simu, akapiga Cluj palepale mbele yetu, akawashukuru, akawaambia hatakwenda. Kisha akavaa koti.

Nyumba yetu ni ya nne kutoka kanisani. Mume wangu Petru alikuwa uani anapasua kuni. Akaona ubao, viti na wanaume wanaingia getini, akashusha shoka.

"Kuna nini tena?"

"Darasa. Wewe ni Akila."

"Akila anafanya nini?"

"Yupo."

"Hiyo naiweza," akasema, akarudi kwenye kuni zake.

Nikafungua chumba kizuri, kile cha mbele, chenye zulia la mama yangu na vitambaa vya kufuma, ambacho tangu harusi ya mwanangu mkubwa hakijaingiwa na mtu. Nikawaamuru wavue viatu. Jozi tisa za viatu vya matope zikajipanga kwenye ukumbi, na harufu yake sitaisimulia. Ubao tukauegemeza kwenye kabati la vyombo. Damaris akasimama mbele yake.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema. "Ndugu Gavril, anza."

Daktari Filimon alikuwa ametufuata. Alisimama kizingitini na daftari lake, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Dada Ligia, swali dogo. Nyumba ikishakuwa na ubao, rejista na wanafunzi tisa, je, kwa maana halisi ya neno, bado ni nyumba?"

"Ingia au toka," nikamwambia. "Joto linatoka."

Akatazama ndani, akatazama barabarani. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.