Huduma Namba Kumi na Nne

Bahasha ilipenyezwa chini ya mlango asubuhi ya Jumatatu. Juu yake palikuwa na picha ya ndege. Mama mkwe alisema ni kanga. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimya, aliitazama, akasema si kanga, akarudi kwenye chai yake. Kwa Kimya hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Aliyeifungua ni mke wa Kimya. Yeye aliitwa Fundi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukarabati makochi: kung'oa vitambaa vilivyochakaa, kubadilisha sponji na kupiga misumari upya. Alisoma kwa sauti. Kampuni mpya ilikuwa na furaha kuwajulisha kwamba imeinunua kampuni ya simu ya zamani pamoja na mali zake, wateja wake na madeni yake. Kwa furaha hiyo hiyo iliwajulisha kwamba mama mkwe anadaiwa elfu themanini na nne na mia sita, za miaka tisa iliyopita, kwa ajili ya Huduma Namba Kumi na Nne.

"Ndiyo huduma gani hiyo?" Fundi aliuliza.

"Sijui," alisema mama mkwe. "Simu yangu ilikuwa ya kupokea tu. Sikumpigia mtu."

"Na ilipokea nini?"

"Haikupokea." Akavuta ungo wake, akaendelea kuchambua maharage.

Simu yenyewe ilikwisha kukatwa zamani. Juu ya kirafu chake siku hizi palikaa pasi.

Kimya alisema walipe yaishe, dawa ya deni ni kulipa. Fundi akasema hapana. Yeye hakuwahi kumtoza mteja hata msumari mmoja ambao hakuupiga, na hakuona kwa nini kampuni yenye jengo la ghorofa sita ishindwe adabu ambayo yeye anaiweza kwenye kibanda cha mabati. Halafu alikuwa amemwona mama mkwe akiichukua ile barua mara tatu, akiisoma na kuirudisha mahali pake, kama mtu aliyeambiwa ananuka mdomo.

Jumanne akafunga kibanda, akaenda.

Dirisha namba nne lilikuwa la malalamiko. Nyuma yake alikaa dada mmoja aliyevaa sweta kwa sababu ya ubaridi wa kiyoyozi. Aliichukua barua, akaandika kitu kwenye kompyuta, akasubiri, akaandika tena.

"Ni kweli mnadaiwa," alisema.

"Kwa huduma gani?"

"Namba kumi na nne."

"Namba kumi na nne ni nini?"

"Haijaandikwa. Sisi tulihamishiwa madeni. Maelezo hayakuhamia."

"Kwa hiyo kampuni yenu imeuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa inataka mimi ndiye nimlishe."

Dada alivuta droo. "Unaweza kulalamika kwa maandishi," alisema, akampa fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini hukupata huduma unayodaiwa. Fundi aliandika: *Siijui. Siwezi kueleza kwa nini sikupata kitu nisichokijua.* Dada akaisoma, akaigonga muhuri, akasema hilo ndilo jibu bora aliloliona mwaka huo.

Akarudi Jumanne iliyofuata, na iliyofuata. Aliambiwa fomu iko ghorofa ya tatu. Aliambiwa imeshuka. Wiki ya tano aliambiwa imepotea, akajaza nyingine, na wiki ya sita ikapatikana ile ya kwanza, kwa hiyo mama mkwe sasa akawa na malalamiko mawili na, kwa muda wa siku nane, madeni mawili. Fundi alikaa kwenye benchi la wageni, akilikagua kwa vidole. Sponji ilikuwa imekufa, na aliyepiga misumari ile alikuwa na haraka.

Kwa kuonana mara nyingi, yeye na dada wa dirisha namba nne wakazoeana. Dada alikuwa amefanya kazi kampuni ya zamani miaka kumi na minne.

"Wengine waliachishwa," alisema. "Mimi nilinunuliwa pamoja na meza."

Jioni moja Fundi alimuuliza mumewe kama anakumbuka chochote kuhusu matumizi ya ile simu. Kimya alikuwa anasugua grisi mikononi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za hospitali, kazi ambayo mtu anaweza kukaa ndani ya shimo siku nzima bila kusemeshwa, na iliyompendeza.

"Nilikuwa machimboni wakati ule," alisema. "Tulikubaliana na mama nipige kila Jumapili saa kumi kamili. Pale kambini palikuwa na kibanda kimoja cha simu, foleni watu thelathini."

"Ukapiga?"

"Nilipiga. Kila Jumapili simu ilikuwa inatumika. Unajaribu mara tatu, wa nyuma anakusukuma, unatoka. Baada ya miezi miwili nikaacha."

"Inatumika na nani?"

"Na nani? Mama aliuweka mkono wa simu pembeni, nisimsumbue. Niliondoka bila ridhaa yake."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Simu ilishajibu."

Aliporudi nyumbani baada ya miaka miwili, hakulitaja. Tangu hapo alimheshimu mama yake jinsi mtu anavyomheshimu hakimu: akiingia anasimama, akiulizwa anajibu. Mama naye alimpakulia chakula kwanza, akamwangalia akila, na hakuuliza kitu. Fundi aliolewa akaikuta hali hiyo, akadhani ndiyo desturi ya nyumba.

Jumanne ya kumi na tatu, dada wa dirisha namba nne alimwita kwa mkono kabla hajakaa. Alikuwa na vumbi kwenye sweta. Alikuwa ameshuka stoo chini ya jengo, kwenye makabrasha ya kampuni ya zamani ambayo hakuna aliyetaka kuyanunua wala kuyachoma.

"Nimeipata," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nisikilize kwanza. Utaratibu unasema deni likilalamikiwa na kukaa siku tisini bila maelezo, linafutwa. Leo ni siku ya themanini na nne. Nikikupa karatasi hii, maelezo yamepatikana, na deni linathibitishwa. Nikiirudisha stoo, njoo siku ya tisini, huna deni."

Fundi aliitazama ile karatasi iliyokunjwa. Miezi mitatu alikuwa akiuliza swali moja tu.

"Nipe," alisema.

Ilikuwa orodha ya simu sitini na moja. Zote zilipigwa Jumapili, kwa muda wa Jumapili nane, na zote kwenda namba moja yenye tarakimu tatu. Pembeni, kwa mwandiko wa mkono: *Huduma 14: kuulizia saa.*

Alifika nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Kimya alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo alikuwepo. Fundi aliweka karatasi mezani, akamuuliza mama mkwe kama aliwahi kupiga namba hii.

"Ile ya saa?" alisema mama mkwe. "Niliipiga. Kuna mwanamke anasema, sasa ni saa fulani na dakika fulani."

"Mama, ulisema hukumpigia mtu."

"Yule si mtu. Ni saa."

"Mara sitini na moja?"

"Saa ya ukutani ilikuwa inachelewa. Huyu alisema atapiga saa kumi. Nilikuwa nahakikisha, nisije nikawa uani anapiga." Hakumtazama mwanawe. "Hakupiga."

Kimya aliivuta karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Saa kumi kasoro dakika nane. Saa kumi kasoro tatu. Saa kumi kamili. Saa kumi na dakika mbili. Saa kumi na dakika tano. Akageuza ukurasa. Jumapili nyingine, vilevile.

"Saa kumi kamili," alisema, "nilikuwa ndani ya kibanda."

"Kibanda gani?"

"Cha simu. Nilikuwa nakupigia wewe. Ilikuwa inatumika."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Ulipiga?"

"Jumapili zote nane. Nilidhani umeuweka mkono pembeni."

"Mimi? Niweke pembeni? Nilikaa na ile simu mapajani mpaka giza linaingia!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungepiga saa kumi na robo!"

"Tulikubaliana saa kumi!"

"Na mimi nilikuwa naitafuta hiyo saa kumi!"

Fundi hakuwahi kumsikia mumewe akipaza sauti. Hakujua hata kama anayo. Walibishana juu ya saa ya ukutani, juu ya foleni, juu ya barua ambazo kila mmoja alisubiri mwenzake aandike kwanza. Mama alimwita mpumbavu. Kimya alisema upumbavu hakuuokota barabarani. Chakula kikapoa. Katikati ya ugomvi mama mkwe akanyanyuka, akampakulia mwanawe kingine cha moto, akaketi, akaendelea kumgombeza. Macho yake yalikuwa yanamwaga machozi na hakushughulika nayo, kama vile ni ya mtu mwingine.

Fundi aliwaacha, akaenda kibandani. Kulikuwa na kochi la watu watatu la kukabidhi jioni.

Jumanne iliyofuata walikwenda wote. Deni sasa lilikuwa limethibitishwa kwa barua nyingine yenye ndege. Mama alitaka kulipa, kwa kuwa simu alizipiga yeye. Kimya alitaka kulipa, kwa kuwa zilipigwa kwa ajili yake. Walibishana hapo dirishani mpaka watu wa nyuma wakaanza kuchangia maoni. Fundi aliwaomba wanyamaze, akamuuliza dada kiasi gani ni simu na kiasi gani ni faini ya kuchelewa. Simu zilikuwa elfu sita na mia moja. Zilizobaki zote zilikuwa faini.

"Faini ya kuchelewa kulipa bili ambayo hamkuileta," alisema Fundi. "Nipe fomu."

Dada alikwisha kuitoa. Safari hii jibu lilipatikana kwa dakika arobaini, kwa sababu dada aliipandisha ghorofa ya tatu mwenyewe, akasimama hapo mpaka ikasainiwa. Faini ikafutwa. Mama na mwana wakalipa nusu kwa nusu, kila mmoja akidai risiti yake, na mashine ilikuwa haijui kukata risiti mbili za deni moja, kwa hiyo Fundi akabaki kulisimamia hilo.

Alipotoka nje hakuwakuta mlangoni. Walikuwa wamefika mbali kwenye barabara, mama ameshika mkono wa mwanawe. Kimya alikuwa anaongea. Alikuwa anasimulia habari za mpishi mmoja wa kambini aliyetoroka na sufuria zote, na kila baada ya hatua chache mama alisimama kabisa ili aulize vizuri. Fundi aliongeza mwendo ili asikose mwisho.