Usiuachie

Hakuna aliyemtarajia mtu yule. Aliliingiza lori lake mpaka ndani ya gereji ya Firq, kando ya mji wa Nizwa, maji ya barafu yakimwagika nyuma, akashuka akipiga kelele kwamba ametoka Sur, mkanda wa feni ya injini umekatika na samaki wanaoza.

"Tuinue kichwa cha lori kwanza, bwana," alisema Marhun, fundi kijana.

"Nisubiri mpaka wanuke? Pitisheni mkono hapo ubavuni. Au mafundi wa Nizwa mna mikono ya mapambo?"

Asaad, fundi mkubwa, alikuwa anaumwa bega kwa kazi hizo hizo za kuchopoa vitu kwenye vipenyo vyembamba. Hata hivyo alimhurumia mgeni. Akapenyeza mkono hadi kwapani, akajipinda kama nguo inayokamuliwa, akavuta spana. Nati ikateleza. Mwilini mwake kukasikika mlio, ko.

Marhun alimdaka kiwiko kwa mikono miwili, akautoa mkono taratibu.

"Mkono umetoka," aliguna Asaad. "Mwanangu, usiuachie."

"Siuachii, ami."

Mgeni alikuwa na Kiswahili cha kuokota jikoni kwa bibi yake. Kwake mkono ulikuwa kiganja na vidole, basi. Akatazama vidole vya Asaad.

"Umetoka wapi? Si hivyo vinacheza? Mnanichelewesha makusudi."

Akaukamata ule mkono, akauvuta.

Asaad alilia kilio ambacho Marhun hajapata kukisikia kwa mtu mzima. Marhun akampiga mgeni teke la goti, maana mikono haikuwa na nafasi. Mgeni akaokota spana. Pigo la kwanza likatua mgongoni, la pili mbavuni. Marhun akasikia kitu kikivunjika.

"Katf," alisema kwa Kiarabu. "Bega ndilo lililotoka, si kiganja."

Mgeni alielewa. Uso ukamwiva kwa aibu, na aibu ikamzidishia hasira. Akampiga mdomoni. Marhun akatema jino, akageuza mgongo ili Asaad abaki salama kifuani pake, akaendelea kupigwa. Angeinua mkono mmoja tu angejikinga. Hakuinua.

Mafundi wa jirani walimwangusha mgeni na kumkalia.

"Lete nimshike mie," mmoja alimwambia Marhun. "Wewe huoni, macho yamejaa damu."

"Wewe fungua mlango wa gari."

Akapanda kinyumenyume, mbavu zikimchoma kila akivuta pumzi, akaketi hivyo hivyo mpaka hospitali. Daktari alipoweka mikono yake chini ya kiwiko cha Asaad, ndipo Marhun akauachia.